Siku Ishirini na Moja Bila Kufungua Mzinga

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nyuki wamefika! Bi Moshi, mrina asali wa mtaa wa pili, kawaleta ndani ya gunia na kuwamimina mzingani kama mtu anayemimina maharage. Hakuvaa hata glavu. Mimi nilivaa koti la mvua, kofia, na chandarua cha kitanda chetu kichwani. Mke wangu kauliza usiku tutajifunika nini.

Sharti la Bi Moshi: nisifungue mzinga kwa siku ishirini na moja. Hawa wageni, kasema, waache wazoee, wajenge masega, malkia wao atage. Wakisumbuliwa wanahama. “Fundi, umenisikia lakini?” Nimesikia. Mimi ni fundi saa mwaka wa ishirini na sita huu. Utulivu ndiyo kazi yangu.

Sharti la mke wangu ni fupi zaidi: nyuki wakiondoka, kona hii ya ua anapewa kaka yake afuge sungura. Kisha akaitazama redio. Ni redio kubwa ya mbao ya marehemu baba yake. Niliifungua mwaka juzi, ikiwa nzima kabisa, nione sauti inatokea wapi. Tangu hapo ni kasha tupu kando ya ukuta wa baraza, na shemeji analikalia kutwa. Leo alikuwa anaipima kona yangu kwa macho.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Sikufungua. Nimekaa asubuhi nzima mbele ya kitundu chao na lenzi yangu ya jicho. Maajabu! Mlangoni wana walinzi, wanamnusa kila anayeingia. Wengine wamesimama tu wakipepea mbawa, kumbe wanaingiza hewa. Mmoja karudi na unga wa njano miguuni, kifurushi huku, kifurushi huku, sawasawa. Saa ya mwalimu mkuu niliyoahidi leo sijaigusa.

Swali linanisumbua: humo gizani, nani anampangia nani kazi?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimefungua kwa dakika moja. Nimeipima kwa saa. Dakika moja si kufungua.

Wameshikana miguu, wananing'inia kama mnyororo, na katikati yao kuna sega jeupe la upana wa kiganja. Kila chumba pembe sita. Nani kawapa vipimo? Mimi na vyombo vyangu vyote sijawahi kukata kitu kikawa sawa namna ile. Nilifunga kwa heshima. Shemeji, akiwa juu ya redio, kauliza kama nimefungua. Nimesema napangusa vumbi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimefungua kuhakikisha kwamba kufungua kwa juzi hakukuwasumbua. Hakukuwasumbua. Mayai! Madogo kuliko punje ya mchele, yamesimama wima, moja kila chumba. Niliinama nione vizuri. Nyuki mmoja akaniuma kwenye kope, tena ya jicho la kazi, na lenzi ikatumbukia mzingani.

Nilikimbilia jikoni. Mke wangu kauliza nimefanyaje. Nimesema nimejigonga na mlango. Kanitazama weeee, halafu kaniletea kitambaa cha maji baridi. Mlango gani unaacha mwiba, kauliza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kufungua kwa leo hakuhesabiki. Lenzi ni chombo cha kazi.

Nimeikuta chini kabisa, na tayari wameizungushia gundi yao ya kahawia, kana kwamba ni mali yao. Katika kuitoa, sega moja likakatika, mayai na yote. Nimelifunga tena kwa uzi. Nimewaomba radhi. Mzinga umebadilisha mlio.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Saa ikibadilisha mlio naifungua. Nifanyeje? Nimefungua. Sikuona sababu. Nimefunga.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kimya. Mlangoni hakuna mlinzi. Nimefungua: masega matupu, na nyuki mmoja anazungukazunguka. Hata ile asali kidogo wameibeba. Nilikaa chini kwenye vumbi. Wiki moja tu, na nilikuwa nimeshazoea kuamka kwa ajili yao.

Mara kelele. Shemeji kasimama! Tangu ahamie kwetu sijawahi kumwona akisimama kwa haraka. Pale palipokuwa na kitufe cha sauti cha redio pana tundu, na nyuki wangu wote walikuwa wanaingia humo kwa foleni.

Bi Moshi kaitwa. Kauliza nimefungua mara ngapi. Nimesema moja, tena kwa bahati mbaya. Hakugomba. Kapitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko. Nyuki, kasema, huziba kila ufa kwa gundi, na hii imekatwa ikazibwa, ikakatwa ikazibwa. Kahesabu. “Mara nne, na ya leo ya tano. Nakosea, fundi?” Hakukosea.

Hukumu: redio isiguswe, isisogezwe. Kona yangu sasa ni ya sungura. Shemeji anatafuta kiti kingine.

Jioni nilimkuta mke wangu kasimama hatua chache kutoka redioni, anasikiliza. Redio ya baba yake inavuma tena, baada ya miaka miwili. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Kasema nyuki hawa ni wake kuanzia leo, na nikiigusa redio hii mara ya pili, nitahama mimi. Niliona aibu kweli.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Jana niliapa mbele ya mke wangu, Bi Moshi na shemeji. Siku ishirini na moja. Hatua tatu mbali. Somo limeniingia, na ningependa liandikwe hapa: kitu kinachofanya kazi hakifunguliwi.

Ila leo mlio uko zaidi upande wa kushoto. Kwa nini kushoto? Kulia kuna nini?

Kifuniko cha nyuma cha redio nilikifunga mwenyewe, kwa skrubu nne. Mke wangu kaenda sokoni. Shemeji kalala. Bisibisi ninayo mfukoni, ilikuwemo tu.

Skrubu moja si kufungua.