Sentimita Mia Moja na Tisa

Jumapili, 3 Desemba 2006

Siku njema. Nimetangaza safari! Tulipotoka kanisani, kabla chapati hazijapoa, nilisimama nikasema kwamba Jumanne ya wiki ijayo, Sikukuu ya Jamhuri, familia nzima itakwenda Upepo Park, ile bustani mpya ya michezo huko mbele ya Kangemi. Makofi. Mungai, miaka tisa, alipanda juu ya kochi. Janice, miaka kumi na mitatu, aliinua macho kutoka kwenye simu ya mama yake, jambo ambalo halijatokea tangu Septemba.

Sababu ya safari ni moja na jina lake ni Waithaka. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, mkazi wa Loresho, mtaa wa wenye nazo. Mwaka jana aliwapeleka watoto wangu kuogelea Jumapili mbili mfululizo, na tangu hapo nyumba hii ni "Anko alisema" asubuhi na jioni. Basi. Mwaka huu wataniona mimi.

Kasyoka, kitinda mimba, miaka sita, hakupiga makofi. Alikuja akanishika suruali, akauliza kama huko kuna gurudumu kubwa, lile linalopandisha watu mawinguni. Nikasema lipo. Akasema yeye anataka kitu kimoja tu: apande na mimi hadi juu kabisa. Huyu amepewa jina la mama yangu, kwa hiyo namwita Mama, na Mama hanyimwi kitu. Nikaahidi. Tena mbele ya mashahidi.

Ndipo nikakumbuka jambo dogo. Mimi sipandi juu. Si woga! Ni msimamo. Ofisini kwetu Upper Hill kuna ghorofa kumi na nne, na mimi niko ya chini, chumba cha mafaili, mwaka wa kumi na moja sasa. Walipotaka kunihamishia ya tisa, pamoja na cheo, niliwaandikia barua ya kurasa tatu kuhusu uzito wa mafaili. Hakuna anayejua ukweli. Hata Mama Janice hajui.

Jioni balbu ya sebuleni iliungua. Mama Janice akapanda meza akaibadilisha, kama kawaida yake. Anapenda kazi hizo.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimeunda kamati. Nchi hii hakuna jambo la maana linalofanyika bila kamati. Mwenyekiti: mimi. Katibu: Janice, kwa sababu ya mwandiko. Mungai ni mwakilishi wa vijana. Mama Janice alikataa cheo, akasema ana nguo za kupiga pasi. Nimemwandika kama mlezi. Kasyoka aliomba awe dereva. Tutalichunguza ombi lake.

Ajenda ilikuwa moja: kila mtoto acheze michezo ya umri wake. Nililieleza kwa kirefu. Mtoto wa miaka sita akipewa mchezo wa mkubwa, ataota ndoto mbaya mpaka Pasaka. Wa kumi na mitatu akipewa mchezo wa mdogo, atakufa kwa aibu. Katibu alisema ataaibika vyovyote vile, na akaomba tukifika asitambulishwe kwa mtu yeyote kama ndugu yetu.

Ratiba yangu ni hii. Janice: treni ya kupanda na kushuka, peke yake, kama anavyotaka. Mungai: magari ya kugongana, chini ya uangalizi wa mama yake. Kasyoka: farasi wa kuzunguka, bembea, kasri la kurukaruka, pamoja na baba, siku nzima. Hapo ndipo akili ilipo! Farasi wale wako nusu mita kutoka ardhini. Na mtu aliyekabidhiwa mtoto wa miaka sita hawezi kuitwa kwenye treni.

Limebaki gurudumu. Njia itapatikana. Sijawahi kukosa njia.

Jumatano, 6 Desemba

Upelelezi. Niliaga ofisini kwamba nakwenda kwa daktari wa meno, nikaenda Upepo Park na utepe wa kupimia wa fundi wa nguo mfukoni. Gurudumu lenyewe sikulitazama sana. Nililitazama mpaka katikati.

Mlango wa gurudumu una bibi mmoja mnene wa sare ya manjano, jina lake Peres limeandikwa kifuani, na pembeni yake ubao wa kupimia watoto. Chini ya sentimita 110, mtoto hapandi. Kati ya 110 na 120, apande na mzazi. Mzazi, si anko! Zaidi ya 120, aende mwenyewe. Kanuni nzuri sana. Nikatoa utepe nikaupima ubao wenyewe, maana watu hupunja. Peres akaniuliza kama natoka serikalini. Nikakohoa kama mtu wa serikali.

Jioni nilimsimamisha Kasyoka kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, bila viatu, kitabu kichwani. Mia moja na tisa! Nilitaka kuimba. Badala yake nikavaa uso wa matanga, nikamweleza kwamba baba yuko tayari kabisa, ila kanuni ni kanuni.

Hakulia. Alitazama alama ya penseli muda mrefu. Akauliza zimebaki siku ngapi. Sita. Akauliza mtu anaweza kukua kwa siku sita. Nikasema si kawaida. Akaenda mezani akala sahani mbili za githeri, amekaa wima kama askari, akaomba ya tatu.

Niliumia, nakiri. Githeri yangu haikupita vizuri. Lakini mpango ni mpango.

Ijumaa, 8 Desemba

Pigo. Waithaka anakuja! Dada yake amemwambia kila kitu. Amepiga simu kunishukuru kwa mwaliko ambao sikumpa, na kusema ataleta kamera yake mpya ya dijitali, inayomvuta mtu wa mbali mpaka unaona jino lake bovu. Nikasema karibu sana, shemeji. Moyoni nikasema mengine.

Haidhuru. Ratiba imechapwa ofisini, nakala sita. Kila mwanakamati ametia sahihi. Kipengele cha tatu kinasema wazi: "Ratiba haibadilishwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote." Hicho ni cha kumfunga Waithaka, asije akanyakua watoto katikati ya siku. Rasimu zilizoharibika nimezileta nyumbani. Karatasi haitupwi.

Jumamosi, 9 Desemba

Leo nimekuwa baba wa mfano. Ili kumfuta Kasyoka machozi ambayo hakuyalia, nilimpeleka mjini, Tom Mboya Street, kumnunulia viatu vya shule. Januari anaingia darasa la kwanza. Mguu wake ni namba ishirini na tisa. Nikanunua thelathini na mbili. Mzazi mwenye akili hanunui kiatu cha leo. Atakua ndani yake! Vyeusi, vya kamba, soli nene kama mkate. Muuzaji alisema hivi vitamfikisha darasa la tatu.

Nyumbani nikajaza zile rasimu za ratiba kwenye ncha za vidole, na nyingine nikazikunja chini ya kisigino, visimvuke. Vikakaa sawasawa. Kasyoka akatembea navyo kutoka jikoni hadi kibarazani mara ishirini. Amekataa kuvivua. Nikasema mwacheni, avizoee.

Tena dukani alinipa fahari. Tangu Aprili namfundisha kupitisha mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, jinsi walimu walivyotupima sisi kule Kitui kabla ya kutupokea darasa la kwanza. Leo amefika! Vidole viwili vizima juu ya sikio. Nilimwonyesha muuzaji. Nikamwonyesha askari wa mlangoni. Nikamwonyesha mzee mmoja aliyekuwa akipita na shughuli zake.

Jumatatu, 11 Desemba

Kila kitu tayari. Mama Janice, akikanda unga wa chapati za safari, aliniuliza kama kuna jambo lolote nataka kumwambia. Nikasema hakuna. Akasema sawa, Baba Janice. Akaendelea kukanda, akitabasamu kwenye unga. Nadhani amefurahia ratiba.

Jumanne, 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri

Leo naandika nimekaa sakafuni. Ni uchovu.

Saa tatu tuliingia. Nakala zikagawanywa. Waithaka alifika na miwani nyeusi na kamera shingoni, akasoma ratiba yangu kwa sauti, akacheka kwenye kipengele cha tatu. Acheke tu. Saa nne kila mtu alikuwa mahali pake. Mungai alimgonga mama yake mara kumi na moja. Janice alipanda treni mara moja, akashuka, akaketi kwenye nyasi na ile simu. Mimi na Kasyoka tulizunguka juu ya farasi. Raha tupu! Nilimpungia mkono Waithaka kama gavana wa zamani.

Kisha tukapita karibu na gurudumu. Kasyoka akaniachia mkono, akaenda mwenyewe kwenye ubao, akageuka, akasimama wima. Nikamwacha. Nikasema moyoni, mtoto aone kwa macho yake, asije akasema baba alidanganya.

Peres akainama. Akatazama. Akasema, "Mia na kumi na mbili. Huyu anapanda na mzazi."

Viatu! Vile viatu! Sentimita tatu za soli na ratiba, na nilizinunua mimi!

Nilitaka avue. Peres akasema hapa mtu anapimwa vile amekuja, na juu haendi mtu bila viatu. Nikamvuta kando, nikamnong'oneza kwamba mtoto huyu anaonekana mkubwa tu, kwa kweli ana miaka mitano, hata haijatimia. Nilinong'ona vibaya. Kasyoka alisikia. Sijawahi kumwona ameumizwa hivyo. Akapitisha mkono juu ya kichwa, akalishika sikio lote, akatangaza kwa foleni nzima, "Mimi naingia class one! Baba ndiye alinifunza!"

Foleni ikapiga makofi. Peres akasema, "Baba, huyu ni mkubwa. Ingia."

Nikamtafuta Mama Janice anisaidie. Alikuwa amefika, na Waithaka nyuma yake. Waithaka akajitolea kumpandisha. Nikakubali haraka mno! Peres akamuuliza kama ni mzazi. Si mzazi. Nikamgeukia Mama Janice, mzazi halali. Akatoa nakala yake kwenye mkoba, akaifungua polepole, akasoma, "Kasyoka, pamoja na baba, siku nzima. Kipengele cha tatu, haibadilishwi." Chini kulikuwa na sahihi yangu.

Kasyoka alikuwa ananitazama. Mkono bado ulikuwa sikioni.

Nikaingia.

Sina mengi ya kuandika juu ya safari hiyo. Nchi iliondoka. Kule juu kabisa gurudumu likasimama ili wengine wapakiwe chini, na kile kiti kikawa kinaning'inia, kinaning'inia. Nilifumba macho ili kuyapumzisha. Kasyoka akaniuliza mbona natoa jasho na kuna upepo. Nikashika chuma kwa mikono miwili.

Kisha nikasikia kiganja kidogo, kinanukia chapati, kikiniziba macho. Akaniambia, "Usijali, Baba. Mimi nitakuangalilia."

Akaniangalilia. Akasema anaona milima ya Ngong, na ng'ombe, na magari madogo Waiyaki Way, na kule mbali maghorofa ya Upper Hill. Akauliza dirisha langu ni lipi. Nikasema liko chini, halionekani. Akasema basi siku moja nitahamia la juu, nimpungie mkono. Nikasema ndiyo, Mama. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nilimpenda mtoto yule mpaka nikasahau, kwa muda mfupi, mahali nilipokuwa.

Kisha likaanza kushuka. Kuna mtu akapiga yowe refu sana.

Tulipofika chini, Waithaka alitaka kujua ni nani aliyepiga kelele vile, maana watu waliacha hata kununua aiskrimu. Nilifungua mdomo. Kasyoka akatangulia. "Ni mimi," akasema. "Niliogopa, Baba akanishika."

Mama Janice alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akanifuta shavu kwa leso yake. Kisha akatugawia chapati zilizobaki.

Jumatano, 13 Desemba

Ushindi! Nimekaa na kutafakari, na siwezi kuuita kitu kingine.

Waithaka amenitumia picha kwa barua pepe ya ofisi, ile inayosomwa na wote. Vijana wa ghorofa ya tisa wameichapa na kuibandika kando ya lifti. Mimi nimepanua mdomo kama mtu aliye kwa daktari wa meno, na bosi ameuliza kama ndiyo ile ziara ya Jumatano iliyopita. Kiganja cha Kasyoka kiko machoni mwangu. Yeye anacheka. Wameangua kicheko wote, lakini hawajui watoto. Mtoto akiogopa sana huziba macho ya mwenzake, na hucheka. Ni jambo la kawaida. Nimewaeleza.

Kamati imekutana jioni kuandika kumbukumbu. Nimemwagiza katibu aandike hivi: "Kasyoka aliogopa kidogo, lakini baba yake alikuwepo." Janice aliniuliza kama nina uhakika. Mungai alitoka nje kwenda kucheka. Kasyoka akatikisa kichwa kukubali, kwa uzito, kama mjumbe aliyefikiri. Imepitishwa.

Mwakani tutarudi. Mpango tayari ninao, na huu hauna tundu. Kosa la mara hii lilikuwa ni sentimita chache tu, na nilielekea upande usiofaa. Mtoto akizidi mia moja na ishirini, anapanda mwenyewe, mzazi anabaki chini na mikoba! Leo, ndani ya viatu, ana mia moja na kumi na mbili. Zinatakiwa nane na kidogo. Githeri italeta tano. Zilizobaki nimeziona Tom Mboya Street, dirishani, namba thelathini na nne, soli nene maradufu. Kesho mchana nitakwenda. Ofisini nitasema ni jino.

Nimemweleza Kasyoka habari njema, kwamba karibu atapanda peke yake. Alifikiri. Akasema hapana, hata akiwa mrefu kuliko Anko atapanda na mimi, kwa sababu mtu hawezi kuniacha chini peke yangu nikiogopa.

Sijui mtoto huyu wazo hilo amelitoa wapi.

Balbu ya jikoni imeungua. Nimemwita Mama Janice.