Malkia Aliyetokea Kwenye Kola Yangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kambi nzima, na nimechoka hata kuona haya. Nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu hapa kambini Kasese, buti nimevua, nawaandikia marafiki zangu habari hii kabla hamjaisikia kwa watu wengine. Huko nje wameshaanza kuitia chumvi.

Wengi wenu mnajua mimi ni askari polisi. Msichojua ni kwamba nafuga sungusungu, wale wadudu weusi wanaong'ata. (Ndiyo. Mtu mzima, koplo, baba wa watoto wawili.)

Ilianzia Bwera, kwa wakwe zangu. Mvua kubwa ilikuwa imekatika, nimekaa barazani, naona kitu cheusi kinapanda ukutani peke yake. Kikubwa! Kifua kimetuna, tumbo limejaa, na mgongoni kuna alama za mahali mabawa yalipong'oka. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba huyo si sungusungu wa kawaida. Huyo ni malkia: amesharuka, ameshaolewa, amejikata mabawa, sasa anatafuta shimo azae. (Mume hufa baada tu ya harusi. Niliposoma hapo nilimtazama mke wangu kwa muda.)

Mama mkwe akatoka na sufuria, akanikuta nimepiga magoti mbele ya ukuta wake.

"Mukwe, unasali?"

"Hapana, Mama. Nimepata malkia."

"Iko mududu tu hiyo. Ponda, itaingia ndani ya sukari."

Sikuponda. Nikamfunika kwa kikombe, nikarudi naye Kasese. Nikamtengenezea nyumba kwa bomba la sindano, lile kubwa la kuchomea ng'ombe, tundu la mbele nimeliziba. Maji kidogo, pamba ya kuzuia maji, halafu malkia mwenyewe, halafu pamba nyingine mlangoni. Nikamlaza kwenye boksi la viatu ndani ya kabati, maana anataka giza na utulivu. Akisumbuliwa anakula mayai yake mwenyewe. Basi nikapiga marufuku kubamiza milango.

"Mimi nilipokuwa na mimba, ulinifungia mlango polepole hivi?" mke wangu akauliza.

Nikajifanya natafuta soksi.

Miezi ikapita. Mwenzenu nikawa nachungulia kabati kwa tochi, nashikilia pumzi. Mayai yakawa mabuu, mabuu yakajifunga kwenye vifuko, na mwisho wakatoka wafanyakazi wanne, wadogo hivi, wa kike wote. Mke wangu ni Mukonzo, na kwao mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Binti zetu mimi niliwapa majina ya kwetu Teso, na mama mkwe hajanisamehe hadi leo. Nikaona nafasi ya kujisafisha ndiyo hii. Nikawapa wale sungusungu majina hayo yote manne, nikampigia simu kumtangazia. (Hakufurahi hata kidogo.)

Sasa, jana jioni afande wa kambi akatukusanya.

"Kesho nyumba yote inapigwa dawa ya kunguni! Vitu nje, milango wazi! Na mkubwa anatoka Fort Portal kukagua gwaride. Buti ing'ae! Maswali?"

Mimi nilikuwa nalo swali. Nikalimeza.

Leo asubuhi mke wangu akafunga safari ya Bwera na watoto, kukimbia moshi wa dawa. Nikamwomba, tena kwa adabu, aondoke na bomba.

"Nina watoto wawili na mfuko wa nguo. Wadudu wako beba mwenyewe."

Nikaenda kwa jirani yangu Otim, askari mwenzangu. Otim anafuga kuku, na kuku wa Otim hula hata sabuni. Nikarudi. Filimbi ya gwaride inalia, magodoro yote yako nje, nami nimesimama katikati ya nyumba na bomba mkononi. Nikimwacha ndani, dawa itamuua. Nikimweka nje na magodoro, jua la Kasese litamchemsha na maji yake. Subira yangu yote ya miezi ilikuwa imo ndani ya kile kibomba, na sikuwa na pa kukiweka. Basi nikafanya jambo ambalo wakati ule lilionekana lina akili. Nikakichomeka ubavuni, ndani ya fulana, mkanda ukakibana. Shati juu. Nikatoka mbio.

Mkubwa akachelewa. Tumesimama wima, jua kichwani, jasho linateremka hadi kwenye soksi. Kisha tukaanza kupiga miguu, kushoto, kulia, kushoto, na kwenye "nyuma geuka" ya kwanza nikahisi ile pamba ya mlangoni imeteleza.

Mnajua ukiwa umesimama mguu sawa huruhusiwi hata kumfukuza nzi? Basi. Kuna mtu akaanza kutembea kwenye mbavu zangu. Halafu mwingine. Mmoja wao akaning'ata karibu na kitovu, akang'ang'ania hapohapo. Nikajikaza kisabuni. Kisha nikahisi miguu mizito zaidi ikipanda kifuani, taratibu, kwa mwendo wa mama mwenye nyumba anayekagua vyumba. Nikajua ni yeye.

Wakati huohuo mkubwa ameanza kukagua mstari wetu. Anatazama vifungo, mikanda, buti. Huku malkia anapanda, kule mkubwa anakuja. Nikaomba Mungu mmoja wao asimame kidogo.

Walifika pamoja.

Malkia akatokea kwenye kola, akapanda shingo, akatulia kidevuni. Mkubwa akasimama mbele yangu. Nami natazama mbele tu, kama inavyotakiwa.

"Usitikisike," mkubwa akasema, kwa upole kabisa. Maskini, yule mzee alitaka kunisaidia! Akainua kiganja chake amchape.

Haki ya Mungu sijui kilichonipata. Nikamdaka mkono. (Mkono wa mkubwa. Kwenye gwaride. Mbele ya bendera.)

"Afande, usimuue! Ana watoto!"

Nilisikia boda boda ikibadilisha gia huko barabarani. Nikauachia ule mkono. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na buti zangu.

"Nani iko na watoto?"

"Malkia, afande."

"Malkia gani?"

"Huyu wa kidevuni, afande."

Nyuma yangu Otim akatoa sauti fulani kwa pua. Mkubwa hakugeuka.

"Na hao watoto wako wapi?"

"Ndani ya fulana, afande."

"Toa."

Nikavua shati, kisha fulana. Kila mtu akaiona fulana yangu yenye tundu, na tumbo ambalo huwa nalibana kwa mkanda. Nikamrudisha malkia kwenye bomba kwanza. Masika nikamkuta kwapani. Biira alikuwa kwenye pindo la suruali. Yule aliyening'ata alikuwa bado amekamata nyama, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikambembeleza kwa sauti: "Kabugho, achia. Kabugho, tafadhali."

Mstari wa mbele yuko askari wa kike anayeitwa Kabugho. Akapiga hatua moja mbele, akagonga buti chini.

"Afande!"

Hapo gwaride likavunjika. Watu walicheka hadi kofia zikaanguka. Afande wa kambi anafoka, "Nyamaza! Simama sawa!" na yeye mwenyewe mashavu yanamtetemeka. Mkubwa peke yake ndiye hakucheka. Alingoja hadi wakatulia, akaniuliza kama wametimia.

"Bado mmoja, afande. Mbambu."

"Tafuta."

Nikapiga magoti kwenye vumbi, kifua wazi, nikapita kati ya buti za wenzangu nikitafuta sungusungu mdogo kuliko punje ya mtama. Hakuna aliyethubutu kuinua mguu. Nilitafuta kweli. Sikumpata, na msinicheke nikisema roho iliniuma. Tumemaliza gwaride nikiwa nimeshika lile bomba mbele ya kifua kwa mikono miwili, kwa amri, ili kila mtu alione.

Nikarudi nyumbani nikitarajia harufu ya dawa. Hakuna harufu. Magodoro bado yako nje, kuku wa Otim wamelala juu ya langu. Nikamuuliza jirani mmoja aliyebaki nyumbani, mpiga dawa amepita? Hakuja kabisa! Aliambiwa asije leo, mkubwa asije akasumbuliwa na moshi.

Nikakaa hapa kwenye ngazi. Sikuwa hata na nguvu za kukasirika.

Nikiwa bado hapa, afande wa kambi akaja, mikono nyuma.

"Wewe mpenda wadudu. Mpiga dawa amepata safari. Kesho pampu unabeba wewe. Kambi yote. Unaanza na nyumba yako, na mimi nitasimama hapo mulangoni naangalia."

"Ndiyo, afande."

Nikampigia mke wangu. Habari ilikuwa imeshafika Bwera, hakuweza hata kusema "haloo" vizuri kwa kicheko. Nikamsihi amwombe mama yake ampokee malkia, hata kwa muda mfupi tu. Nikasikia mama mkwe akijibu kwa mbali, "Alete, alete! Hata huku tuko na kuku."

Kwa hiyo nawaomba nyinyi. Kama unakaa Kasese, nje ya kambi, una kabati lenye giza na hubamizi milango, nina mama mmoja na binti watatu wanaotafuta pa kulala kabla sijafika mlangoni kwao na pampu. Kucheka cheka tu, nimeshazoea. Ila kwanza nitumie jibu kuhusu kabati.