Udongo wa Wajawazito Mdomoni Mwa Mzee

Leo nimeumbuka. Nimesimama mbele ya foleni nzima ya maabara hapa Bariadi, mdomo wazi, ulimi umejaa udongo. Ule udongo wanaotafuna wajawazito! Na mimi ni mwanaume, ndevu zina mvi.

"Baba, miezi mingapi?" akauliza mama mmoja wa Mwandoya. Benchi lote likaangua kicheko.

Ngojeni nianze mwanzo.

Nina baridi yabisi, huu mwaka wa tisa. Maumivu ya viungo nimeyazoea. Kilichonishinda ni kuishiwa nguvu: napalilia mstari mmoja wa pamba, nakaa chini kama gunia. Halafu hamu ya udongo. (Sokoni nasema namnunulia mke wangu. Mke wangu ana wajukuu watano.) Mwezi uliopita nikapima chuma cha mwilini. Masunga wa maabara akatazama karatasi, akacheka. "Akiba ya chuma imejaa, mzee. Kalime." Shemeji yangu Ng'wandu alikuwepo. Akatangazia kijiji kizima: mvivu kapimwa, kakutwa mzima!

Leo nikarudi. Nikaapa sitoki hapa mpaka nieleweke. Foleni ndefu, nikatupia kipande mdomoni kujiliwaza (mjinga mimi). Mara akatoka daktari mgeni, binti mdogo tu.

"Mzee, fungua mdomo nione kama una damu ya kutosha."

Nikatikisa kichwa.

"Fungua, baba."

Kumeza nikashindwa. Nikafungua. Ndipo yule mama akauliza ya miezi.

Daktari hakucheka. "Unakula huu tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Akachukua ile karatasi ya Masunga niliyokuja nayo. Akasema hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya chuma kupungua. Tena mwili wenye uvimbe wa viungo kama wangu hupandisha kipimo cha akiba hata chuma kikiwa kimeisha, kwa hiyo kile peke yake hakitoshi. Akaandika kingine, cha kuona chuma kinachosafiri kwenye damu. Nikanyoosha mkono palepale, mbele ya hao hao waliokuwa wanafuta machozi ya kicheko.

Saa tisa jibu likatoka. Chuma kimepungua vibaya! Kumbe mvivu hayupo, yupo mgonjwa.

Haya, chekeni mmalize. Ila wewe Masunga, ugonjwa wangu uliandikwa juu kabisa ya karatasi ile, ukasoma namba ukaacha mtu. Kesho saa mbili nipo mlangoni kwako, na Ng'wandu namleta. Utamweleza yeye kwanza, kisha unieleze mimi.