Masharti ya Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Msimamizi wetu wa ujenzi anahama. Kanipa mbuzi wake jike. Mweupe pee, kiwele kama mfuko wa saruji. Kasema huyu ni mbuzi wa maziwa, ana masharti yake. Nikasema ndiyo bosi. Sikusikiliza. Mbuzi ni mbuzi.
Nimemwita Bibi Harusi. Nimempitisha makusudi mlangoni kwa jirani, fundi cherehani. Yeye ana kimbuzi cha kienyeji, kifupi kama stuli. Fundi alikuwa shoga wa marehemu mke wangu, ndiyo maana ananiita shemeji. Kasema shemeji, huyo mgeni, mtunze.
Wivu.

Jumanne, 4 Juni
Kimbuzi cha fundi kinakula maboksi jalalani na kinanenepa. Nikampeleka wangu. Kanitazama kama nimemtukana mamake. Jua likamchoma pua. Mvua ikaja, akapiga chafya. Kaingia chumbani bila hodi, kalala kwenye mkeka wa marehemu.
Nimemwacha. Siku nyingi humu ndani napumua peke yangu.

Jumatano, 5 Juni
Maziwa nusu kikombe. Nimepata akili! Kazini, mbeba zege hula sahani ya mlima. Bibi Harusi naye yuko kazini. Nimempa ndoo nzima ya unga wa mahindi. Kamaliza. Nimemtambia fundi kesho aje na sufuria.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi kaja, kakuta balaa. Tumbo la Bibi Harusi limevimba kama ngoma, anasaga meno, hainuki. Fundi ndiye kakimbia kumwita bwana mifugo. Mimi nilibaki nimeshika ndoo tupu.
Bwana mifugo kamnywesha dawa. Kauliza nani kampa unga wote huo. Nikasema labda jirani. Jirani alikuwa nyuma yangu.
Bwana mifugo kasema kila aina na matunzo yake. Huyu anataka majani makavu, kivuli, banda lililoinuliwa. Unga, kiganja tu. Akicheua kabla ya jioni, kapona. Asipocheua, basi.
Tukakaa tunamsugua tumbo, mimi na fundi.
"Shemeji," kasema polepole, "huyu akifa utarudi kuongea na sufuria zako. Ukuta ni mwembamba."
Nikazidi kusugua.
Jua linashuka, kacheua. Machozi yakanitoka. Nikasema vumbi la saruji.

Jumapili, 9 Juni
Banda tayari, sakafu ya mbao, juu ya nguzo. Maziwa sufuria nzima. Nimempelekea fundi ya kwanza.
Bwana mifugo kapita. Kasema mbuzi hapendi upweke, atafutiwe mwenzake. Fundi kasema kimbuzi chake kipo. Nikakataa. Kile cha jalalani kitamharibu tabia.
Dereva wa lori la mchanga alikuwa na kondoo wa kutoa. Manyoya mpaka machoni. Nimemchukua. Dereva kaanza kunieleza anavyotunzwa, nikamkatiza. Mimi wa kufundishwa?
Kondoo ni mbuzi aliyevaa sweta.