Msingi Haufunguliwi

Jumatatu, 3 Machi 2025. Oyugis.
Nimeshinda! Kompyuta sita za ukumbi wetu wa mafunzo, diski zote zimekufa. Basi nimetafuta diski moja nzuri, nikaweka kila kitu ndani, nikaifunga: isomwe tu, isiandikwe. Huo ndio msingi, na zote sita zinausoma. Anachoandika mwanafunzi kinakaa pembeni, kwenye tabaka lake mwenyewe juu ya msingi. Kila mmoja anadhani ana diski yake! Kerosi, anayefundisha ushonaji chumba cha pili, akauliza kama nina nakala ya hayo matabaka. Nikamwambia arudi kwenye cherehani zake.

Jumanne, 4 Machi.
Mwanafunzi wangu, Mama Bathsheba, amekuja tena kutoka Lambwe. Miaka sitini na minane, anachapa kwa kidole kimoja. Anaandika maisha ya marehemu mumewe, yasomwe Jumamosi kwenye ibada ya kumbukumbu. Kurasa tisa! Amefika pale mzee alipovuka mto akiwa amembeba yeye Mama mgongoni. Nilisoma kimya. Mimi sijawahi kumbeba mtu.

Jumatano, 5 Machi.
Meneja wetu, Dolphine, anasema kesho kutwa tutapata wageni kutoka Homa Bay. Wazo! Picha yangu, nikiwa na tai, kwenye skrini zote. Kuiweka kwenye kila tabaka ni kazi mara sita. Kufungua msingi na kuiweka humo ni dakika mbili. Nimefungua. Nimeweka. Nimefunga. Napendeza.

Alhamisi, 6 Machi.
Balaa! Kila tabaka lilijengwa juu ya msingi wa zamani. Nilipougusa, yote sita yakavurugika. Kazi za watu haziwezi kusomeka. Kurasa tisa, kwisha.
Nilitaka kusingizia kukatika kwa stima. Nikafungua kinywa, ukweli ukatoka. Mama Bathsheba akanivutia kiti.
“Nyathina, mwanangu,” akasema, “kaa chini. Mimi nitasema, wewe utaandika.”
Tumeandika kwenye laptopu yangu hadi saa kumi, tukachapisha papo hapo. Safari hii alikumbuka kwamba mto ulikuwa umefurika, na mzee hakujua kuogelea. Mwanzo hilo halikuwepo. Nikatoka nje kidogo. Kerosi alileta chai, hakuuliza habari za nakala. Afadhali angeuliza.

Jumamosi, 8 Machi. Lambwe.
Wageni wa jana hawakutokea. Leo binti wa Mama Bathsheba, Valary, alisoma kurasa kumi na moja. Watu walicheka, kisha wakalia. Mama akanishika mkono mbele ya kanisa, akasema huyu ndiye aliyeniandikia. Hakutaja aliyefuta. Nami sikutaja.

Jumatatu, 10 Machi.
Nimejenga upya kila kitu. Kerosi ameniazima flashi ya kuwekea nakala. Nitaziweka kesho. Nimeapa mbele yake: msingi haufunguliwi tena.
Ila nimegundua kwenye msingi nimeandika “Ukumbi wa Mafuzo”. Herufi moja tu! Wanafunzi sita wameshaketi, wanachapa kwa bidii. Hata hawatajua.
Nimefungua.