Daktari, Andika Kwamba Springi Amepona kwa Kahawa

Kwako Daktari wa Watoto,
Chumba cha mwisho, mkono wa kushoto, ukishapita mizani mbovu.

KUHUSU: KUKATAA KWAKO KUANDIKA KWAMBA BINTI YANGU AMEPONA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mwenye nafasi. Sisi huku ni wazima kabisa, na hilo ndilo linalotuletea taabu, maana tumejitibu wenyewe na hakuna anayetaka kutuamini.

Mimi ni yule fundi wa makochi mwenye gundi kwenye vidole. Nilikuja kwako mwanzo wa likizo, nikarudi tena wiki iliyopita, nikiwa na mke wangu, dada yangu mkubwa na binti yetu wa miaka kumi. Kama umemsahau binti, ni yule aliyepanda kwenye mizani yako akaigeuza bembea. Jina lake kamili unalo kwenye faili. Karakana nzima tunamwita Springi, na jina hilo nilimpa mimi, kwa mapenzi.

Nikukumbushe tulipofikia. Mwalimu mkuu amesema shule ikifunguliwa anataka karatasi yako inayoeleza Springi anatibiwa vipi. Asipoiona, Springi atarudia darasa la tatu. Hii itakuwa mara ya pili kulirudia, na wale aliokuwa akiruka nao kamba watazidi kumwacha. Tangu asikie habari hiyo hajauliza tena shule inafunguliwa lini. Kwa hiyo ukiona nimepandisha sauti mahali fulani katika barua hii, usione nimekukosea adabu. Nina malalamiko, nayo nimeyapanga kwa namba ili usipotee.

1. Benchi lako. Nimetengeneza viti tangu sijaota ndevu, na sijawahi kuona kitu cha namna ile kikiitwa cha kukalia. Ni mbao mbili zilizogombana, halina mgongo, mguu mmoja umewekewa kipande cha boksi. Umemkalisha mtoto hapo, kisha ukaandika kwenye faili kwamba hatulii. Hukuandika amekalishwa juu ya nini. Mimi mwenyewe nilisimama nikaenda kusoma bango la chanjo, nikakaza skrubu za kitasa cha mlango wako, nikatoka nje kuangalia nani anapiga honi, nikarudi nikasoma bango lilelile. Sasa na mimi ni mgonjwa?

2. Uliuliza, mbele ya mke wangu, kama kuna mtu mwingine kwenye ukoo mwenye tabia hizo. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Tulipofika nyumbani akanitembeza karakanani kama mtalii, akinionyesha kochi lisilo na mgongo, kochi lenye mgongo lisilo na kalio, na kiti cha kinyozi ambacho kinyozi mwenyewe ameacha kukiulizia. Daktari, hizo zote ni kazi zinazoendelea. Fundi anayefanya kazi moja mpaka iishe hana wateja wengi. Naomba swali hilo lifutwe kwenye faili.

3. Hili ndilo kubwa. Ulisema kahawa ya dada yangu imepimwa kwa jicho. Ngoja nieleze, maana wiki iliyopita hukunipa nafasi. Dada yangu huyu ni shangazi yake Springi, na wengine wote tunamwita Profesa kwa sababu anasoma sana kwenye simu. Siku ya kwanza ulipotuandikia zile herufi nne, ADHD, ukasema huu si utundu wala malezi mabaya, ni namna ubongo wa mtoto unavyofanya kazi, na kwamba zipo dawa na yapo mambo ya kufanya nyumbani na darasani, Profesa hakuwa anakusikiliza. Alikuwa anasoma. Akasoma kuwa mtoto wa namna hii ukimpa kahawa, badala ya kuchangamka, anatulia. Na wewe mwenyewe ukakiri kwamba hata dawa yako ni ya jamii ya kuchangamsha. Umekiri, mashahidi ninao. Sasa kama kuchangamsha kunatuliza, kwa nini kwako kutulize na kwetu kusitulize?

Hapo ukaanza kupiga chenga. Mara dawa inapimwa kulingana na mtoto na anafuatiliwa, mara kahawa haijulikani kikombe hiki kina nguvu gani na kile kina nguvu gani, mara usingizi, mara mapigo ya moyo, mara waliojaribu kahawa kwa watoto hawakupata la maana. Kisha ukamalizia na neno hilo la jicho. Jicho la Profesa si la mchezo, daktari. Anaweza kukutazama unapita tu barabarani akajua viatu ulivyovaa umeviazima kwa nani.

4. Chakula. Ulisema kifungua kinywa cha maana kinamfaa mtoto yeyote, na kwamba rangi za kwenye peremende huenda zikawasumbua baadhi ya watoto, ila hakuna chakula kinachoondoa hali hii. Ulisema hayo ukitabasamu. Sisi hatukutabasamu kwa sababu tulikuwa na njaa. Profesa alianza kwa kuondoa soda na peremende, jambo ambalo niliunga mkono. Akaondoa sukari. Akaondoa mkate mweupe, halafu mkate wa kila rangi. Biskuti zikafuata, na kwa kuwa biskuti zina maziwa, maziwa yenyewe yakatiliwa shaka. Mayai yalinusurika mpaka Jumapili. Tena, kwa sababu si vizuri mtoto akatazwe peke yake akajiona ana mkosi, tumekatazwa nyumba nzima. Mafundi wangu wawili waliozoea chai ya maziwa sasa wanakunywa maji ya moto na kunitazama. Mke wangu amekonda, na anaeleza kila anayemuuliza kwamba hakukonda kwa sababu ya afya, amekonda kwa sababu ya wifi yake. Baada ya mateso yote haya nilitarajia angalau muhuri.

5. Nilikuwa nalo wakati natafuta kalamu. Nitalirudia.

6. Umekataa ushahidi. Nilikusimulia habari ya Jumamosi ile, ukaandika maneno mawili tu. Sikiliza tena. Springi alikunywa kikombe chake asubuhi, kahawa nyeusi isiyo na sukari, amefumba macho, Profesa kamshika mabega. Kisha akaenda kukaa kwenye kochi la mteja, lile la kijani, ambalo tangu lifike karakanani halijapata siku moja ya kutorukiwa. Akakaa. Hakuruka, hakuimba, hakuuliza kwa nini samaki hawafumbi macho. Alikaa ameinama, mikono yote miwili tumboni, mpaka jua likahama dirishani. Tuliitana. Mafundi waliweka nyundo chini. Mke wangu peke yake ndiye aliyeuliza mbona mtoto amepauka hivyo. Mimi machozi yalinitoka, nakwambia wazi, maana sikuwahi kumwona mwanangu ametulia akiwa macho. Na wewe, badala ya kunipa mkono, ukaniuliza kama alitapika. Ndiyo, alitapika. Lakini alitapika kwa utulivu.

7. Umelikuza mno suala la usingizi. Ni kweli Springi halali kama zamani. Lakini mtoto asiyelala ana muda mwingi zaidi wa kujisomea, na Profesa ameshampangia masomo ya muda huo. Kwamba hajashika kitu mpaka sasa ni kosa la vitabu.

8. Hili linamhusu mwalimu mkuu, ila nalileta kwako kwa kuwa wewe anakusikiliza. Kama rangi ya peremende inavuruga akili wakati imepitia tumboni kwanza, je, rangi inayoingia moja kwa moja machoni? Darasa la tatu limepakwa nyekundu chini na njano juu, na ukutani kuna kasuku mkubwa kuliko ubao. Profesa anataka kuta zipakwe kijivu, kasuku afutwe, na penseli za rangi zikusanywe, hasa kwa kuwa Springi anazitafuna. Anataka pia yule mwalimu wa hesabu anayesinzia mezani apewe kahawa mbele ya mashahidi. Akichangamka, mzima. Akizidi kusinzia, basi na yeye ana herufi nne, na ndiye wa kurudia darasa.

La tano nimelikumbuka. Ni saa yako ya ukutani, inagonga mno. Nilipoteza hoja mbili nzuri sana kwa sababu ya saa hiyo, moja ilikuwa ya kukunyamazisha kabisa.

Sasa naomba yafuatayo. Kwanza, uandike kwa mkono wako kwamba Springi amepona kwa kahawa na chakula. Kama neno kupona unaliona zito, andika ametulia. Kama na hilo linakukwama, andika tu kwamba amekaa, mafundi wangu watathibitisha. Pili, jiko la kahawa liwekwe pale mapokezi, na kila mtoto anayeingia mbio apewe kikombe mlangoni. Foleni itapungua na wewe utapata muda wa kujibu barua. Tatu, Profesa apewe meza ndogo karibu na yako, awe anakagua unachoandika kabla mgonjwa hajaondoka nacho. Hahitaji mshahara kwa sasa, anahitaji chaja. Nne, benchi lile nitalichukua mwenyewe nilivalishe sponji na kitambaa. Siwezi kusema litaisha lini.

Ukikataa, nitamwandikia mkubwa wako. Na yeye akikataa, nitamwandikia mkubwa wa mkubwa wako, na nitazidi kupanda hivyo hivyo mpaka nimfikie mtu aliyekalia kochi langu. Wapo, na wanalikumbuka.

Usidhani nafanya mzaha. Siku ya kufungua shule mwaka huu nilimpeleka mwenyewe. Kengele ilipolia, wenzake walipanga mstari wa darasa la nne, na yeye akakimbia akajipanga nao, kwa mazoea tu, mkono begani kwa rafiki yake. Mwalimu akamtoa mstarini taratibu, akamrudisha kwa wadogo. Hakulia. Alitazama nyuma kama nipo, na mimi nikajificha nyuma ya lango nikijifanya nafunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa ndala. Iliniuma, daktari, na bado inaniuma. Sitaki tena kusimama pale. Ndiyo maana tumekunywa kahawa, tumekula vitu vya kuchemsha, tumegombana na mawifi. Tungekunywa hata gundi kama simu ya Profesa ingesema hivyo.

Nimalize kwa salamu. Nisalimie nesi wa mapokezi, mwambie ile kalamu niliondoka nayo kwa bahati mbaya. Msalimie mlinzi wa getini aliyemwacha Springi afungue na kufunga geti mpaka foleni yetu ikafika. Wasalimie wanao kama unao, nawatakia utulivu kwa njia yoyote mtakayochagua. Mke wangu anakusalimu na anaomba usiache kuuliza maswali yako. Profesa hakusalimu, ila anasema anakufuatilia.

Wako katika kazi ya kuwakalisha watu vizuri,

Fundi wa makochi, baba yake Springi.

TANBIHI: Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Springi barua hii aisome kwa sauti, nione kama imekaa sawa, na pia kusoma kwake kuwe ushahidi wa mwisho. Alisoma vizuri mpaka katikati ya lalamiko la kwanza. Hapo akaurudia mstari, akaurudia tena uleule, akauwekea kidole ili usimponyoke, na kidole kikawa kinatetemeka. Nikamwambia atulie. Akaniambia mbona ametulia, baba. Akasema kahawa imemtuliza miguu tu, kichwani bado wote wanaongea kwa pamoja, na siku hizi hata moyo nao unaongea. Alikuwa akiinywa bila kusema kitu kwa sababu alituona tumefurahi sana ile Jumamosi. Kisha akauliza kama ile dawa ya daktari ingemwezesha kufika mwisho wa ukurasa, kwa sababu angependa kujua nimeandika nini juu yake.

Nimemsomea iliyobaki mwenyewe, na kahawa ya leo nimeimwaga. Andika chochote unachoona kinafaa. Tunakuja Jumatatu, yeye na mama yake na mimi, utueleze habari za dawa na hayo mambo ya darasani toka mwanzo, na safari hii nitasikiliza mpaka mwisho. Profesa tumemwambia tunakwenda sokoni.