Pikipiki ya Kumrudisha Alupo

Jumanne, tarehe 16 Aprili 1968

Alupo ameondoka. Jana, Jumatatu ya Pasaka, mchana kweupe, majirani wote wakitazama. Alikaa upande nyuma ya baisikeli ya Okwara, sanduku mapajani, wala hakugeuka kunitazama. Amerudi kwa mama yake, kijijini Amukura.

Kisa ni ng'ombe. Nilikuwa na ng'ombe wawili wa plau, sasa nina mmoja. Wa pili nimempeleka Malaba kwa Mama Phoebe, mjane anayeuza pikipiki kuukuu, ili nichague yoyote niitakayo. Alupo akaniuliza plau ya ng'ombe mmoja nimeiona wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba mwanamume mwenye pikipiki hana haja ya kulima. Hapo ndipo alipoanza kukunja nguo.

Okwara huyu ni mtu wa kuangaliwa. Kazi yake ni kubeba watu kwa baisikeli kutoka kituo cha mpakani cha Kenya hadi cha Uganda, akipiga kelele, "Boda, boda!" Ameshona hata kikalio cha sponji. Ati hiyo ni kazi. Binadamu mzima, mwenye miguu yake, alipe ili abebwe kama gunia la mtama? Haitafika mwaka kesho.

Jioni akaniletea ujumbe. Baba mkwe, Mzee Olinga, anasema nifike Jumamosi ya wiki ijayo tukae na wazee. Nisipofika, Alupo atakwenda kwa shangazi yake Funyula akauze samaki wa Osieko, kule ziwani, na habari yangu iishie hapo. Okwara alikuwa akitabasamu.

Nampenda Alupo. Nyumba bila yeye imekuwa kubwa mno. Lakini siendi kule kwa miguu kama mwombaji. Nayaona yote: vumbi jekundu, injini ikinguruma, Alupo akitoka jikoni na unga mikononi, akiinua mkono kukinga jua. Anauliza ni nani yule anayekuja. Ni mimi.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Mimi ni karani wa ghala la pamba hapa Malaba. Msimu umekwisha, kwa hiyo nalinda sakafu. Leo nimeifunga sakafu yangu nikaenda kwa Mama Phoebe.

Pikipiki ni mbili. Ya kwanza nyeusi, kubwa, ya Kiingereza, tangi limejaa kama tumbo la fahali. Nilisimama mbele yake nikasahau nilikotoka. Ya pili nyekundu, ndogo, ya Kijapani. Ina ngao nyeupe za kukinga miguu, kikalio kiko chini, na haina hata klachi ya mkono. Kitu cha kasisi mgonjwa.

Mama Phoebe akauliza kama najua kuendesha. Nikamwambia mimi si mwanafunzi, mimi ni mtu anayerudi barabarani. Mwaka wa hamsini na saba nilifanya kazi na daktari wa mifugo, na pikipiki yake ilikuwa mikononi mwangu msimu mzima. Niliishika yeye akidunga ng'ombe sindano. Mara nyingi niliisukuma. Siku moja iliwaka nikiwa juu yake.

Akasema basi mtu kama mimi achukue ndogo. Nyepesi, miguu yote inafika chini, inawaka kwa teke moja, na spea zinapatikana mpaka Busia. Halafu akaongeza, bila aibu, "Mtu akirudi kwa pikipiki, achague ile akianguka nayo anaweza kuinua peke yake."

Nani alizungumza habari za kuanguka?

Nimechagua nyeusi. Akanipa na kile kibao cha herufi nyekundu wanachofunga wanafunzi. Nimekitia mfukoni. Mchana wote uliobaki nimekaa mlangoni pa ghala nikijiona napita Amukura polepole, nikiinua kidole kimoja tu kusalimu watu.

Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Siku ya nyeusi.

Malori yalikuwa yamepanga foleni karibu na reli, madereva na mautingo wao wamekaa kivulini wakisubiri karatasi. Nikafurahi kuwaona. Jambo kubwa linataka mashahidi. Nilipiga teke mpaka kamba ya kiatu ikafunguka. Haikuwaka. Nikapumzika kidogo juu yake, nikitazama mbali kama mtu anayewaza, na hapo ikaanza kuinama. Polepole sana, kwa adabu, kama mzee anayesinzia kanisani. Nikainama nayo. Tukafika chini pamoja, yeye juu.

Kwa kweli chini pale palikuwa na utulivu. Niliona mawingu yakivuka kwenda Tororo bila kuulizwa na askari yeyote. Nikawaza ningekuwa wingu. Kisha madereva wakaja kuiinua, wengi wao, wakihema. Mmoja akanipangusa mgongo akasema, "Boss, hii si saizi yako." Wengine wakacheka mpaka wakakaa.

Nimebadilisha, nimechukua nyekundu. Si kwa sababu ya kuanguka, maana sikuanguka, nililala. Ni kwa sababu Alupo anapenda rangi nyekundu. Mama Phoebe alikohoa tu.

Jumamosi, tarehe 20 Aprili

Mazoezi uani mwa ghala. Imewaka kwa teke moja! Sauti yake ni ya cherehani, haitishi mtu. Ikaenda. Mimi juu yake. Vumbi nyuma yangu, vumbi langu mwenyewe. Nilitamani mtu aliyenizaa aione siku hii.

Kwenda si tatizo. Tatizo ni kusimama. Nimelima kwa plau tangu utotoni, na mwenye plau akitaka kusimama huvuta mikono nyuma na kuwaambia ng'ombe "hooo." Nikavuta mikono nyuma. Nikasema "hooo." Pikipiki ikaongeza mbio. Nikavuta zaidi. Ikazidi. Bahati nzuri ghala lina milango miwili, na yote ilikuwa wazi. Nikaingia huku, nikatokea kule, nikazunguka, nikaingia tena. Mwishowe lundo la magunia matupu likanipokea.

Okwara alikuwa ameegemea ua na baisikeli yake. Akasema, "Boss, mkono wa kulia ndio mafuta. Ukivuta, unaongeza. Jua breki kwanza." Nikamjibu kwamba fundi wa baisikeli asimfundishe mtu mambo ya injini. Wivu huo.

Kusimama nitajifunza baadaye. Barabara ya Amukura ni ndefu, nafasi ya kujifunza itakuwepo.

Jumapili, tarehe 21 Aprili

Sikuweza kungoja Jumamosi ya wazee. Nilipanga kupita tu karibu na kwao, kama kwa bahati, Alupo anione, roho imuume, basi.

Njiani nilikuwa mtu mwingine. Upepo uliingia kwenye shati ukanijaza. Mashamba ya wimbi yalipita, mawe makubwa ya Amukura yakajitokeza, na watu waliotoka misa walinipisha kando. Nilimsamehe kila mtu niliyemkumbuka. Hata Okwara.

Ndipo nikaona mwavuli mbele, na chini ya mwavuli mwendo ninaoujua. Mama mkwe.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani kila mmoja hutoka kando na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Heshima hii nimeitunza tangu nilipooa. Mama huyu hajawahi kunisemesha hata neno moja, na mimi sijui macho yake yakoje.

Lakini atatokaje njiani mtu asiyeweza kusimama? Nikavuta mikono nyuma. Pikipiki ikaruka mbele. Mama mkwe, mtu mwenye adabu, akakimbilia kushoto kwenye mihogo. Na mimi, kwa adabu, nikakata kushoto. Akahamia kulia. Nikahamia kulia. Tukaheshimiana hivyo pande zote mbili za barabara, mwavuli ukipepea, mpaka nikaona sasa uso wake unanijia moja kwa moja. Heshima ni heshima. Nikafumba macho.

Nilisikia mihogo ikinipiga magoti. Nikasikia kuku. Nilipofumbua nilikuwa juu ya jabali pana ambapo watu huanika mihogo, nikizunguka na kuzunguka, vipande vyeupe vikiruka. Mama mkwe, mzima kabisa, alikuwa amesimama nyuma ya mti, mgongo kwangu. Akasema, si kwangu, kwa mti, "Wewe mti, ambia huyo mtu aachie mkono."

Nikaachia mkono. Pikipiki ikapunguza mwendo, ikasimama.

Kumbe jabali lile ni la Mzee Olinga, na mihogo ile ni chakula chao. Alupo alikuwa mlangoni mwa jikoni, unga mikononi. Hakuinua mkono kukinga jua. Alijiziba mdomo. Sikuweza kukaa, kwa sababu mama mkwe alikuwa anaingia uani. Nikaiacha pikipiki ikinguruma nikakimbia kwa miguu kupitia shambani.

Lakini mama mkwe amenisemesha! Kupitia mti, sawa, ila amenisemesha. Hiyo ni dalili njema sana.

Jumanne, tarehe 23 Aprili

Si dalili njema.

Okwara amekuja na maneno ya wazee. Kumfukuza mama mkwe kwa mashine ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, hata wazee wenyewe wamekosa jina lake. Sharti nilete mbuzi wa kutakasa. Mbuzi asipofika Jumamosi, hakuna kikao, na Alupo anaondoka siku hiyo hiyo kwenda Funyula. Sanduku lake limeshafungwa. Pikipiki wameizuia.

Nina mbuzi mmoja tu, jike, ananijua kwa sauti. Nimekaa naye muda mrefu leo nikimweleza.

Okwara akaongeza kwamba Alupo anaiendesha ile pikipiki. "Dada amejua, boss. Jana amefika mpaka kisimani na mtungi." Nikasema haiwezekani, mtu hajifunzi kwa siku moja. Akasema Alupo aliuliza kwanza breki ziko wapi. Mwanzo mbaya. Mtu anayeuliza breki kabla ya kuuliza mwendo hana imani na safari.

Baadaye nikamwona akilini: Alupo juu ya nyekundu, kitambaa kichwani, mgongo umenyooka. Picha ilinipendeza kuliko zile zangu zote. Sijui kwa nini niliona kama nataka kulia.

Jumamosi, tarehe 27 Aprili

Nimekwenda kwa miguu, nikimvuta mbuzi. Yeye naye hakupenda safari.

Wazee walikuwa wameuzunguka mtungi wa ajono, pombe yetu ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mimi sikupewa mrija. Nilikuwa nimetayarisha hotuba juu ya maendeleo, injini na Kenya ya leo. Nilifika kwenye injini, Mzee Olinga akatoa mrija mdomoni. Akauliza kama nataka mke au nataka mtu wa kunitazama.

Swali baya. Nikasema namtaka Alupo. Sauti ilikatika katikati ya jina lake, mbele ya wazee wote, hata mbuzi akanigeukia.

Wakamwita Alupo. Akasema atarudi. Kwamba pikipiki ni ya mkono wake mpaka ng'ombe wa pili arudi zizini. Na kwamba kuanzia leo sibadilishani na mtu kitu chochote cha nyumbani bila kumwuliza. Nikaapa. Niliapa kwa roho yote, mkono juu ya mtungi, na nilimaanisha kila neno. Hapo ndipo nikapewa mrija.

Tumerudi jioni. Yeye mbele, mimi nyuma, sanduku lake mapajani mwangu. Hakuvuta mikono, hakusema "hooo." Kwenye mteremko alipunguza mwendo bila kuombwa. Shati lake lilinukia sabuni na moshi wa kuni. Kulia na kushoto jua lilikuwa limelala juu ya mashamba, na nilitamani Malaba isogee mbali zaidi. Nimefurahi leo kuliko siku niliyooa.

Alhamisi, tarehe 2 Mei

Alupo ana wazo lake. Anabeba akina mama na vikapu vyao kutoka sokoni mpaka mpakani, kwa malipo, kama Okwara. Anasema kufika mavuno ng'ombe atakuwa amerudi. Nimemweleza bila kumvunja moyo kwamba jambo hilo halina mbele wala nyuma. Baisikeli, labda. Lakini watu walipe kupanda pikipiki? Hawatakubali kamwe. Akaniambia nichungulie nje. Kweli walikuwepo akina mama kadhaa langoni wakimngoja, na Okwara katikati yao akiuliza pikipiki kama ile inapatikana wapi. Ni mtindo tu, utapita.

Leo nimekutana Malaba na bwana mmoja wa Tororo, anaitwa Opolot, amevaa kizibao. Ana pikipiki. Kubwa ajabu, ya kijani, na ubavuni ina kigari cha abiria chenye kioo na mlango wake mdogo. Haijawaka tangu Krismasi, lakini Bwana Opolot anasema ni kwa kumkosa mtu anayeielewa. Tuliangaliana, mimi nayo. Nilielewa.

Yuko tayari kubadilishana, kubwa yake kwa ndogo yetu, mkono kwa mkono. Sijawahi kuona mtu mkarimu namna hiyo. Alupo hatachosha mikono tena. Atakaa kigarini, mwavuli wazi, leso magotini, mimi nikiwa juu, tukipita Mundika watu wakitoka madukani kutazama. Atafurahi mpaka akose la kusema.

Bwana Opolot anavuka kesho saa sita. Alupo atakuwa shambani tangu alfajiri, na ufunguo uko msumarini nyuma ya mlango.

Sijasahau kiapo. Mimi ni mtu wa neno langu, na nilisema nitamwuliza. Nitamwuliza. Nitamwuliza nikisharudi nayo.